Kumlea mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili: maswali wanayoniuliza wazazi wenzangu Pemba

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wete. Wa tatu ana usonji. Mwaka huu ametimiza miaka 12 na maneno yake hayajafika 30. Wazazi huniuliza maswali barazani, kliniki, harusini, na usiku kwa voisi za WhatsApp, na mengi ni yale yale. Nimeona niyaandike mahali pamoja. Mimi si daktari: ya hospitali nimeyachukua kwa waliosomea, ya nyumbani nimeyapata nyumbani.

Ni jambo gani ungependa ungelijua mapema?

Kwamba mtoto anayejulikana na mtu mmoja tu yumo hatarini.

Mwanangu alipokuwa na miaka 5 nilipasuliwa, nikalazwa siku nne. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa kila kitu chake: wa kumuogesha, wa kumlisha, wa kumfahamu. Nilijionea fahari. Niliporudi nilimkuta midomo imemkauka na sauti imemkatika kwa kulia. Akitaka maji alikuwa akigonga ukuta mara mbili, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyejua kuwa kugonga kule ni "maji" isipokuwa mimi. Walimbeba, walimsomea, walimpa uji na biskuti. Hawakumfanyia ubaya wowote. Sikuwa nimewaambia.

Tangu siku hiyo tuna daftari. Limeandikwa ishara zake, vinavyomtisha, vinavyomtuliza, dawa na saa zake. Bibi yake hajui kusoma, kwa hiyo husomewa. Majibu mengi hapa chini yatarudi kwenye daftari hilo.

Usonji ni nini, na una tofauti gani na mtindio wa ubongo?

Usonji ni hali ya mtu kukua na ubongo unaopokea watu, sauti, mguso na maneno kwa namna yake. Wengine hawasemi kabisa, wengine husema sana lakini hawajui zamu ya kusema na ya kusikiliza. Wapo wanaopepea mikono, wanaorudia neno ulilowaambia kama mwangwi, wanaotaka njia ile ile na kikombe kile kile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji, basi usidhani ni nyumba yako peke yake.

Mtindio wa ubongo ni wa viungo: mwili hukaza au hulegea, mtoto huchelewa kukaa na kutembea kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha misuli ilidhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au utotoni. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu moja, na manjano makali ya kichanga ni nyingine. Akili yake huenda ni timamu kabisa na watu wakamwita mjinga kwa sababu tu ulimi haumtii. Sindromu ya Down ni jambo jingine tena, inatokana na kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hali mbili kwa pamoja.

Je, ni mimi niliyemsababishia?

Hapana.

Nalijibu swali hili zaidi ya jingine lolote, na mara nyingi anayeuliza hanitazami usoni. Mmoja anafikiri ni sindano ya uzazi wa mpango. Mwingine aliona nyoka akiwa na mimba. Mwingine aligombana na mkwewe mwezi ule na mpaka leo anaamini lile ni apizo.

Daktari Leo Kanner aliueleza usonji kwa upana mwaka 1943, na kwa miaka mingi baada yake wapo mabingwa wa Marekani waliowalaumu mama kwamba ni baridi, hawana mapenzi na watoto wao. Nadharia ile ilivunja nyumba nyingi kisha ikatupwa, kwa sababu haikuwa kweli. Linalojulikana sasa ni kwamba sehemu kubwa ya sababu imo katika urithi wa vinasaba, na hakuna mzazi anayechagua vinasaba vya kumrithisha mwanawe.

Chanjo nayo haihusiki. Maneno yale yalipata nguvu kutokana na makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998 katika jarida la Lancet. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake akanyang'anywa ruhusa ya udaktari. Mchanje mtoto. Surua haijali kama ana usonji.

Wanasema ana jini, au amechezewa. Tumpeleke kwa mganga?

Nitasema nilivyofanya. Dua sikuiacha na sitaiacha. Kila usiku namsomea Ayatul Kursiy, na kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, amekunywa, maana maji yale na maneno yale hayamdhuru na moyo wangu hutulia. Babaake mkubwa alitaka tuende mbali zaidi, tukaenda. Mtoto alifukizwa chumba kikafungwa, akakohoa mpaka akatapika. Mara ya pili waliposema afinywe masikio ili "aliyemo" aseme, nilimbeba nikatoka.

Anayekwambia mtoto apigwe, afungwe, ashindishwe njaa au aachishwe dawa ya kifafa, toka kwake hata kama ana ndevu nyeupe na watu wanambusu mkono. Na hesabu fedha. Najua familia iliyouza mikarafuu miwili kwa ajili ya mafusho, kisha ikakosa nauli ya kwenda kupimwa masikio.

Dini yetu haikumtupa mtoto huyu. Hadithi tunayofundishwa tangu chuoni, yaani madrasa, ni kwamba kalamu imeondolewa kwa watu watatu: mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na asiye na akili mpaka zimrejee. Huyu akiwa hafahamu swala, hana dhambi. Sisi tunaomtesa ndio wenye kuulizwa.

Bibi yake anasema "atasema tu, hata babake alichelewa". Tusubiri?

Msisubiri. Akifika miezi 12 hatoi sauti za kuchezea mdomo wala haoneshi kitu kwa kidole, akifika miezi 16 hana neno hata moja, akifika miaka 2 haungi maneno mawili ya kwake mwenyewe, mpelekeni. Na akiwa alikuwa na maneno kisha yakapotea, umri wowote, nendeni wiki hiyo hiyo.

Jambo la kwanza kupimwa liwe masikio. Asiyesikia anaweza kuonekana kama mwenye usonji, na dawa ya uziwi si dawa ya usonji. Bibi yake mwambie kwa upole. Yeye anasema hivyo kwa sababu anaogopa, kama wewe.

Pemba twende wapi?

Anzeni kituo cha afya cha karibu mpate barua ya rufaa, kisha hospitali: Wete, Chake Chake, Micheweni, au Abdalla Mzee pale Mkoani. Wakihitaji bingwa zaidi mtapelekwa Mnazi Mmoja, Unguja. Chukueni kadi ya kliniki ya tangu kuzaliwa, na kabla ya kuondoka mrekodini mtoto kwa simu akiwa nyumbani, akila, akicheza, akilia, akiitwa jina asigeuke. Mbele ya daktari atajikunja au atalala, na mtabaki kueleza kwa maneno yasiyotosha.

Ipo Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ZAPDD. Ulizeni habari zake, maana mzazi aliyekutangulia hukupunguzia safari kumi. Na mwandikisheni mtoto kwa sheha. Mtoto asiye kwenye daftari la shehia hahesabiwi misaada inapokuja.

Kwenye boti ya Unguja ombeni mkae karibu na mlango, mumvishe nguo aliyoizoea, na mchukue kipande cha khanga ya nyumbani chenye harufu ya nyumbani. Mwanangu hujifunika kichwa nacho mpaka Malindi, bandarini Unguja.

Nyumbani tuanze na nini?

Anzeni na lile mnalolifanya kila siku, si kwa kununua vitu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9, vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, na msingi wake ndio huo: kumfundisha mtoto ndani ya mchezo na kazi za kawaida za nyumba. Nilipouelewa nilifurahi, kwa sababu sisi hatuna chumba cha michezo lakini tuna uwa, tuna ndoo, tuna kata ya kuchotea maji.

Chukua kuoga. Zamani nilimmwagia maji huku akipiga kelele, nikimaliza tunalia wote wawili. Sasa kwanza namuonesha kata. Kata ikionekana anajua kinachokuja. Nachuchumaa, macho yangu yawe sawa na yake, nasema neno moja, "maji", nanyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote. Nahesabu moyoni mpaka kumi. Mwanzo hakufanya lolote, namwagia kidogo miguuni, narudia. Wiki ya tatu akanyoosha mkono kuelekea kata. Baada ya miezi akasema "ma". Leo anachota mwenyewe na anaogesha mpaka ukuta.

Maneno yapunguzeni. Tumezoea kumwambia mtoto "haya njoo mwanangu njoo ukae hapa ule usije ukamwaga kama jana", na yeye anasikia ngurumo. Semeni "kaa", mpige mkeka kwa kiganja. Mpeni kuchagua: ndizi mkono huu, muhogo mkono huu, mngojeeni aguse. Akitazama kitu, kitajeni kile anachokitazama, msimvute kwenye kile mnachotaka nyinyi. Na kila mnachokifanya akifanye pia bibi, na kaka, na shangazi akija, kwa neno lile lile. Mmoja akisema "maji", mwingine "twende ukakoge", mwingine akimbeba tu bila kusema, mtoto anaanza upya kila siku.

Msimu wa karafuu ulikuwa unatushinda. Uwa anaouchezea unafunikwa na majamvi, watu wageni wanaingia, usiku taa zinawaka na maneno mengi. Alikuwa akizitawanya karafuu kwa miguu na mjomba wake anataka kumpiga. Tukamwachia pembe moja ya uwa, mkeka wake, hapaguswi. Halafu mwaka mmoja dada yake akamuwekea tita dogo mbele yake, akamuonesha kutenga karafuu na makonyo. Alikaa mpaka isha. Anachambua safi kuliko sisi sote, hachanganyi hata moja, na sasa anaitwa kwa majirani na analipwa kwa pishi kama wenziwe.

Akijiangusha chini sokoni na kupiga kelele nifanyeje?

Muondoe kwenye kelele, usiongeze yako. Kaa karibu, usiseme sana, usimtikise. Ikiisha, jiulizeni nini kilitangulia: pikipiki, harufu ya samaki, njaa, spika ya tangazo, kubadilisha njia? Liandikeni kwenye daftari. Tulipoandika miezi miwili tuliona ghadhabu nyingi zilikuja kabla ya saa sita mchana na nusu yake ilikuwa ni njaa. Watu watatazama. Mimi huwaambia sentensi moja tu, "Huyu ana usonji, ameshtuka, atatulia," na mara nyingi yupo mmoja anayewaambia wenziwe wapishe njia.

Anatoroka. Tumfungie?

Kamba na minyororo, hapana. Lakini hofu yenu naijua, maana sisi tumezungukwa na bahari na kila kiambo kina kisima. Watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji na hawaogopi kina.

Funikeni visima kwa kifuniko kizito. Mlango uwe na komeo la juu, pale ambapo mtu mzima anafika na moto ukitokea anafungua upesi. Mumpeleke pwani nyinyi wenyewe, kwa siku maalumu, ili hamu isimtoe peke yake, na mfundisheni kuelea. Kisha mpitisheni kwa watu: wavuvi wa diko lenu, vijana wa pikipiki pale njia panda, muuza duka, mwalimu wa chuo. Wajue jina lake, wajue haitiki akiitwa, wajue kwamba akishikwa kwa nguvu atang'ata lakini akioneshwa kopo la maji atakuja. Mwanangu amepotea mara mbili. Mara zote mbili alirudishwa na mvuvi, na mvuvi alijua la kufanya kwa sababu tulikwishamwambia.

Hali kitu ila wali mweupe.

Msimlazimishe kwa mkono. Wekeni kitu kipya pembeni ya wali, kidogo kama punje, bila kumwambia ale. Akikigusa tu leo, inatosha. Akikonda, akisongwa au akikohoa kila akila, huyo ni wa hospitali, hasa mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hulishwa akiwa amekaa wima na kichwa hakikulalia nyuma.

Na kifafa?

Hutokea kwa wengi wao. Mlazeni ubavu, ondoeni vigumu vilivyo karibu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimmwagie maji. Tazameni saa. Zikizidi dakika 5, au akirudia bila kuzindukana, hospitali. Dawa haikatwi kwa sababu "mwezi huu hakuanguka". Hakuanguka kwa sababu alikunywa.

Baba yake hataki kusikia.

Wangu alikaa miaka miwili bila kumtaja mtoto kwa jina. Mimi nilidhani anamchukia. Siku moja nikamsikia anamuuliza imamu kama mtoto huyu atamkana Siku ya Kiama. Alikuwa amebeba lake peke yake.

Nililofanya ni kumpa kazi moja, si hotuba. "Ijumaa wewe ndiye wa kumpeleka kukata kucha." Alishindwa, akarudi kuniuliza, nikamfungulia daftari. Sasa kucha, nywele na safari za hospitali ni zake. Wapo akina baba wanaoondoka kabisa, na dada zangu hao siwezi kuwaambia maneno matamu. Nendeni kwa kadhi mkadai matunzo, ni haki ya mtoto wala si ombi lenu.

Wadogo na wakubwa zake wanaona haya.

Waambieni ukweli kwa jina lake, usonji. Wapeni saa yao na nyinyi peke yao, hata ya kwenda kununua mandazi. Binti yangu mkubwa aliniambia akiwa na miaka 10, "Mama, mimi nikiumwa hunisikii." Ilikuwa kweli.

Skuli itampokea?

Inapaswa. Elimu Zanzibar imetangazwa kuwa bure tangu Septemba 23, 1964, Sera ya Elimu ya 2006 imeitaja elimu mjumuisho, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 8 ya 2022 inawalinda. Mwalimu mkuu mmoja alinirudisha na mtoto mlangoni. Nilirudi kesho yake na mjumbe wa sheha, akapokelewa. Kupokelewa hakutoshi, mwalimu ana darasa limejaa na wengi hawakufundishwa kuhusu usonji. Mpeni nakala ya daftari, kurasa mbili tu, hatosoma kumi. Muombeni amkalishe mbali na dirisha la barabarani. Chuoni zungumzeni na ustadhi mapema juu ya bakora.

Binti yetu amevunja ungo na hafahamu.

Anafahamu zaidi ya mnavyodhani. Mfundisheni kubadilisha kitambaa kama mlivyomfundisha kuoga, hatua moja moja. Na mfundisheni, kabla ya umri huo na watoto wa kiume pia, ni nani anaruhusiwa kumvua nguo na wapi. Wanaowadhalilisha watoto huwachagua wasioweza kusema. Mkiona damu, michubuko, hofu mpya kwa mtu fulani, msimuogeshe, nendeni Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kinachowahudumia waliodhalilishwa. Msimalize kifamilia.

Nimechoka, na siku nyingine simpendi. Ni dhambi?

Umechoka. Mtu aliyelala muda wa saa tatu tu kila usiku kwa miaka sita hawezi kuupima moyo wake. Mtafute mtu mwingine anayejua daftari, mwachie mtoto kwa muda wa saa mbili, lala. Usiende kufua. Ukiona huli, hulali hata ukipata nafasi, unafikiria kujidhuru au kumdhuru, mwambie daktari siku hiyo hiyo, na hospitali hiyo hiyo unayompeleka yeye ina wajibu wa kukutibu wewe.

Nikifa je?

Hili huulizwa mwisho, mtu akiwa amekwishasimama kuondoka.

Sehemu yake ya mirathi ipo pale pale, ulemavu haumpunguzii. Semeni mapema nani atakuwa msimamizi wake, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, muulizeni kadhi namna ya kuliweka sawa. Hati na cheti chake cha kuzaliwa viwe mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja.

Mengine yamo kwenye daftari, na sasa ni la tatu, mawili yameshajaa. Ramadhani iliyopita nililifungua nikakuta mwandiko usio wangu. Mdogo wake, wa miaka 9, alikuwa ameandika kwa penseli: "Akigusa shavu lako anataka umuimbie. Si njaa." Mimi nilikuwa nampa mkate kila mara.